Dahabo na Dohani ya Nyumba ya Mawe

Jumamosi ile nilianika nguo mapema, nikanywa chai kwa jirani yangu Dahabo, kisha tukatoka watatu: mimi, yeye, na mumewe Mzee Yusuf, mwenyekiti wa kamati ya shule. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika kijiji kimoja kando ya Tana, kusini mwa mji wa Garissa, na wanafunzi wangu walisomea chini ya turubai. Tulitaka kujua kama nyumba kuukuu ya mawe nje ya kijiji yaweza kuwa darasa.

Aliijenga Mzungu aliyelima pamba zamani, akaiacha. Mabati ya upande mmoja yalikuwa yameporomoka, na popo walikuwa wamehamia sebuleni. Lakini kuta zilisimama wima, mawe kwa chokaa, nene hata mtu angeweza kulala dirishani. Madirisha yenyewe yalikuwa membamba kwa nje, yakipanuka kuelekea ndani. Na sebuleni palikuwa na meko ya ukutani, yenye dohani pana ya kupitishia moshi.

Dahabo alicheka. "Moto ndani ya nyumba, hapa Garissa? Huyo Mzungu alikuwa mgonjwa."

"Alikumbuka kwao," Mzee Yusuf akasema.

Kicheko hakikudumu. Wiki nzima ukoo wa Mzee Yusuf ulikuwa ukigombania malisho ya mtoni na ukoo jirani, na Dahabo alikuwa amezaliwa katika ukoo huo jirani. Kila pikipiki iliponguruma barabarani aligeuza shingo. Mwana wao Ibrahim alikuwa machungani na ng'ombe. Nami nilipima ukuta ule ule mara mbili, nikasahau vipimo vyote.

Ndipo risasi ya kwanza ikalia.

Kisha nyingi.

Tulijitupa chini. Chokaa ikatudondokea vichwani. Dirishani niliona watu wakija kati ya miti ya mikoma.

"Ingia humo," Dahabo akamwambia mumewe, akionyesha meko.

Mzee akasita. Mkewe akamsukuma.

Alipanda kwa magoti na viwiko, mpaka nyayo zake zikapotea.

Dahabo akasimama mlangoni, akapaza sauti kwa Kisomali. Nilielewa kidogo tu: alitaja jina la baba yake, la babu yake, na la baba wa babu.

Nje risasi zikakoma.

Kijana mwenye bunduki akaingia, akanitazama.

"Wewe nani?"

"Mwalimu."

"Wanaume iko wapi?"

Dahabo ndiye aliyejibu. Baadaye alinieleza alichosema: humu nimo mimi na mgeni wangu, na anayetaka kumpekua binti wa ukoo wake apite juu yangu kwanza.

Kokoto ikaanguka mekoni.

Dahabo hakugeuka. "Popo," alimwambia.

Kijana akatazama juu, wanyama wale wakiruka ovyo. Akatoka.

Mzee Yusuf alishuka mikono imechubuka, akiwa hai.

Jioni tukaletewa habari za Ibrahim. Walimkuta machungani. Kama ni wale wale waliotoka mlangoni petu au wenzao, hakuna aliyejua, na kujua kusingemrudisha.

Wazee wa koo mbili walikaa, wakapatana, ngamia wa fidia ya damu wakahamishwa. Hata hivyo, kisimani wanawake wa ukoo wa mumewe hawakumwitikia Dahabo salamu tena. Ndugu zake wakatuma gari limchukue. Akalirudisha tupu.

"Niende kwa waliomuua mwanangu?" aliniambia.

Mzee Yusuf alimsihi abaki. "Wewe ndiye uliyeniokoa."

"Wewe nilikuwa na mahali pa kukuficha," akamjibu. Siku chache baadaye akahamia mjini peke yake.

Mwaka huu nilimtembelea Garissa, anakouza maziwa nje ya chumba cha kupanga. Mzee Yusuf alikuwepo. Huja kila Ijumaa baada ya swala, hukaa naye, hurudi kijijini kabla ya magharibi. Hajampa talaka, wala mke hajaomba.

Mzee alipoondoka, nilimwuliza Dahabo kama angefanya tena vile alivyofanya. Alimhudumia mteja kwanza.

"Wallahi ningefanya, mwalimu," akasema. "Lakini mtu asiniambie ahsante."