Baba mkubwa alimpa shangazi shamba akijua anakufa na kansa. Shangazi hakufa

Wakuu, heshima kwenu wote.

Wanaotafuta chai, yaani stori za kutunga, wapite uzi wa jirani. Haya ya kwangu nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyabeba mgongoni.

Mimi naishi Singida mjini, nauza mafuta ya alizeti. Kwetu ni Misigiri, Iramba. Baba yangu alishafariki. Katika ndugu zake wamebaki wawili: kaka yake, baba mkubwa Mkumbo, na mdogo wao wa mwisho, shangazi Naeli.

Babu aliacha shamba zuri sana kando ya barabara kuu. Baba mkubwa akalishika lote.

Shangazi alipofiwa na mumewe akarudi nyumbani, akaomba kipande alime. Kila msimu jibu lilikuwa lile lile: "Mtoto wa kike shamba lake liko kwa mumewe."

Mumewe yuko kaburini, lakini ndo hivyo. Shangazi akawa anaomba vipande kwa majirani.

Sasa akaanza kuumwa. Anakonda, analowa jasho usiku, na chini ya mbavu za kushoto kuna kitu kimevimba, akila kidogo tu anashiba. Nikampeleka hospitali ya wilaya, wakatupa rufaa kwenda hospitali kubwa. Vipimo vikatoka: saratani ya damu.

Wakuu, daktari aliongea mengi siku ile. Mimi baada ya neno saratani sikusikia kingine. Nikapiga simu nyumbani nikiwa na nusu ya habari.

Tuliporudi Misigiri tulikuta watu wamejaa uani kama msiba umeshatokea. Wamama wanapika, mchungaji kafika, maturubai tu ndo hayakuwepo.

Baba mkubwa akasimama. Mbele ya mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji, akatangaza kwamba lile shamba la barabarani ni la Naeli.

"Mdogo wangu asiondoke duniani na kinyongo," akasema. Akalia. Kweli kabisa, mzee alilia, na mimi nikalia.

Jioni, nikiwa nanawa nyuma ya nyumba, nikamsikia akimtuliza mkewe: "Acha maneno, mama. Ni msimu mmoja tu."

Shangazi yeye alikuwa amemsikiliza daktari vizuri kuliko mimi. Alitoka hospitali na vidonge, akaambiwa anywe kila siku bila kuruka na arudi kupimwa damu kwa tarehe. Akaanza kunywa.

Uvimbe ukaanza kupungua. Jasho likakata. Mvua za kwanza zilipogonga, shangazi alikuwa shambani na jembe, anapanda alizeti huku anaimba.

Hapo ndo nilijifunza kitu kuhusu binadamu. Watu waliokuja kumlilia wakaanza kukasirika! Mmoja akaniuliza sokoni, serious kabisa, "Hivi huyu shangazi yako kansa yake ni ya kweli au alitufanyia mchezo?"

Baba mkubwa naye akawa na mashaka. Siku ya kliniki akavaa koti lake la kanisani, akasema safari hii tunakwenda wote. Tulipoingia kwa daktari, hata salamu hazijaisha, akauliza:

"Daktari, huyu anaumwa kweli?"

"Anaumwa, mzee."

"Mbona analima?"

Daktari akatabasamu. Akaeleza kwamba kansa haziko sawa. Zipo kali, na zipo kama hii ya shangazi, ambayo ina dawa yake na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, kama mwenye presha au sukari. Hajapona, lakini imefungwa kamba. Kamba yenyewe ndo vidonge.

"Atakunywa mpaka lini?"

"Kwa sasa hesabu ni maisha yake yote."

"Sasa maisha yake yanaisha lini?"

"Mzee wangu, na yako yanaisha lini?"

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Baba mkubwa akaangalia dirishani.

Nilijua atataka kulichukua tena shamba. Ila angelichukua vipi, wakati mchungaji alisikia, mwenyekiti alisikia, na machozi yake kila mtu aliyaona?

Msimu uliofuata shangazi akafanya kosa. Vile vidonge vilikuwa vinamvimbisha uso na kumkaza misuli ya miguu. Akaona mbona nina nguvu, akaviacha kimyakimya. Hakuniambia.

Aliyenipigia simu ni baba mkubwa. Nikamwamkia, hakuitikia hata marahaba.

"Shangazi yako anataka kuniua!"

"Kwa vipi tena, baba mkubwa?"

"Ameacha dawa! Jasho limerudi. Akifa sasa hivi, watu watasema nani kamuua? Si watasema Mkumbo kamroga sababu ya shamba?"

Nilipofika Misigiri, nilikuta ameshamtoa shangazi ndani na begi lake, anamgombeza kama mtoto. Tukaenda hospitali. Damu ilikuwa imechafuka vibaya. Daktari hakucheka safari hii. Alimwambia shangazi wazi kwamba ugonjwa ukipata nafasi unabadilika, na dawa inaweza isiushike tena. Miguu ikikaza aje aseme, yeye atapanga dozi upya, lakini asiache mwenyewe.

Ilikuwa kipindi kigumu. Tulisubiri kila kipimo roho mkononi. Taratibu damu ikatulia.

Tangu hapo baba mkubwa ndo msimamizi. Jua likizama anapita kwa shangazi, anasimama mlangoni mpaka aone kidonge kimemezwa. Wanagombana kila siku. Ila nimeona pia anabaki, anakula huko huko, na wanazungumza Kinyiramba habari za mama yao mpaka giza linaingia.

Juzi nikamuuliza tukiwa wawili: "Baba mkubwa, ungejua shangazi ataishi, ungempa lile shamba?"

"Nisingempa," akasema. "Ndo maana Mungu hakuniambia."

Nilichojifunza, wakuu: ukiambiwa kansa, kaa kwenye kiti usikilize mpaka mwisho. Uliza ni ya aina gani, dawa yake ni ipi, na madhara ya dawa umwambie nani. Zipo zinazoua haraka, sibishi. Ila zipo ambazo mgonjwa anaishi nazo, anapanda alizeti, anawachosha ndugu zake.

Kama una mgonjwa anayeishi nayo hivyo, au wewe mwenyewe ndo mgonjwa, shusha uzoefu hapa chini. Shangazi nitamsomea comment zenu zote. Za matusi zipelekeni kwa baba mkubwa, yeye ameshazoea.