G ya Nyumbani Kwetu

Marehemu mke wangu hakujua hata herufi moja ya muziki, wala hakuona sababu ya kuijua. Jioni tulikaa uani kwetu Buhongwa, mimi na gitaa, yeye na ndizi zake za kumenya kama Mhaya wa kweli, na alianza kuimba bila kuniuliza. Kazi ya kumfuata ilikuwa yangu. Nilichukua kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni mwa gitaa, nikakisogeza freti moja baada ya nyingine, vile vyuma vilivyokingama hapo, huku vidole vikishika umbo lile lile la sauti ya G.

"Bado," alisema. "Panda. Bado. Hapo!"

Hapo palikuwa freti ya tatu. Wimbo wake wa Bikira Maria ulikaa hapo miaka yote, nasi tukapaita G, maana ndivyo vidole vyangu vilivyoshika. Nani angetubishia? Tulikuwa wawili tu.

Alipofariki sikukigusa kibanio. Gitaa lilining'inia ukutani nacho.

Mwaka ulipokaribia kutimia, kwaya ilikubali kuimba wimbo ule kwenye misa ya kumbukumbu yake. Niliomba nipige mimi. Sikutaka kitu kingine chochote. Mpiga kinanda wetu ni mwalimu wa sekondari, mama mpole, ila kwenye muziki hana mzaha.

"Baba, do iko wapi, tuanzie sauti gani?" aliniuliza siku ya mazoezi.

"G," nikajibu kifua mbele.

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika. Kinanda kilikwenda kwake, gitaa kwake, waimbaji wakabaki midomo wazi. Bwana mmoja wa besi akacheka. Nilikasirika, nikasema kinanda ni kibovu.

Mwalimu akaja kutazama shingo ya gitaa. "Hiyo siyo G, baba. Hebu tuhesabu. Kila freti ni nusu sauti. Bila kapo ni G. Ya kwanza, G shapu. Ya pili, A. Ya tatu?"

"B flati," nikasema.

"Basi. Na C yako ni E flati, D yako ni F. Wewe unashika G, sisi tunasikia B flati."

Hesabu ya mtoto. Kukosea hakukuniuma sana. Iliniuma kwamba G yetu haikuwepo popote duniani isipokuwa uani kwetu, na mwenzangu aliyeijua hayupo.

Tulijaribu B flati. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikaza shingo mpaka mishipa ikasimama, na hawakufika. Mwalimu alinitazama. Nikakitoa kibanio mwenyewe, nikakitia mfukoni.

Misa ilikwenda vizuri. Wimbo ulishuka ukatulia kwenye G ya watu wote, wengine wakalia, wakanipa mkono. Nilikuwa mpweke katikati yao kuliko siku ya mazishi, kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri na haukuwa wake.

Niliporudi nyumbani nikakaa uani na gitaa. Nikakibana kibanio freti ya kwanza, nikapiga, nikasubiri. Ya pili, nikasubiri. Nikafika ya tatu. Sasa nalijua jina lake halisi.

Hakuna aliyesema, "Hapo!"