Koti la Idwal na Majani ya Aprili

Heulwen Parri alikuwa mkali, na sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa nikisema vingine. Siku yangu ya kwanza bandani kwake, miaka kumi na mmoja kabla ya haya ninayosimulia, alinifokea mara tatu kabla ya chai: nimefunga lango vibaya, nimepita nyuma ya farasi bila kumsemesha, nimeacha ndoo njiani. Nilirudi nyumbani nikilia. Kesho yake nikaenda tena, kwa sababu farasi wangu jike hakuwa na mahali pengine pa kukaa, na kwa sababu nilikuwa nimewaona farasi wake wote wanavyong'aa.

Shamba lake liko juu ya bonde, kule Wales, pale barabara inapokoma na mlima kuanza. Watu wa bondeni humwachia farasi wao awatunze, nasi wachache tulikuwa tukipanda kila asubuhi kumsaidia. Mwaka ninaousimulia kulikuwa na farasi wakubwa watano na poni sita, wale wafupi wenye matumbo na singa zinazowafunika macho.

Kazi ya Aprili ni ya kutia wazimu. Saa moja asubuhi unamvua farasi blanketi maana jua limetoka. Saa tatu mvua ya mawe inamtwanga mgongoni, nawe unakimbia na blanketi katika matope yanayokuvua buti. Saa tano jua tena, farasi anatokwa na jasho, vua. Saa nane theluji kidogo, ya kututania tu, haitoshi hata kujaza kikombe. Na manyoya ya baridi yanapukutika, ukipitisha brashi yanatoka mafungu mafungu, ndege wanayadaka wakajengee viota, na yanayobaki unayakuta kwenye chai na kwenye siagi.

Lakini Heulwen hakuogopa mvua wala mawe. Alichoogopa ni asubuhi nzuri. Sakitu, yaani umande ulioganda, ikianguka usiku ikawa nyeupe juu ya majani kama chumvi, halafu jua likawaka, majani machanga hujaa sukari. Farasi mkubwa aghalabu hula yasimdhuru. Poni mwili wake umezoea vijiti vya mlimani, na sukari ile humletea ugonjwa wa kwato: mguu unavimba ndani ya ukwato, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Ukizidi, mfupa unateremka, na hapo hakuna dawa.

Kwa hiyo mlangoni mwa banda kulikuwa na ubao mweusi. Kila asubuhi Heulwen aliinama, akayagusa majani kwa kiganja kitupu, akaandika amri ya siku. "Sakitu. Jua. Poni wote kiwanja kitupu hadi saa sita." Kiwanja kitupu hakikuwa na hata unyasi. Poni walisimama humo na nyasi kavu zao zilizolowekwa ili sukari itoke, wakitutazama kama watoto walionyimwa sukari guru, na ulitakiwa moyo wa chuma kuwapita.

Delyth, ambaye poni wa binti yake alikuwa mnene kuliko wote, hakuwa na moyo huo.

"Bi Heulwen, hebu muone maskini wa Mungu anavyoniangalia," alisema siku moja, mkono uko kwenye komeo.

"Anaangalia keki uliyoshika. Toa mkono langoni."

"Dakika kumi tu jamani! Dakika kumi zitamfanya nini?"

"Zitamfanya nije kumchimbia kaburi mimi, na mgongo wangu huu. Toa mkono, Delyth, kabla sijaufungia humo humo."

Delyth alinuna wiki nzima, akawa anatusalimia sisi wote isipokuwa Heulwen. Lakini lango hakuligusa tena.

Mume wa Heulwen, Idwal, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mchungaji wa kondoo, mwenye maneno machache, na mengi ya hayo machache alimwambia poni wake. Poni huyo aliitwa Cadno, jina la mbweha kwa lugha ya kwao, kwa wekundu wa manyoya yake. Miaka ishirini walipanda mlimani pamoja kukusanya kondoo. Kila asubuhi Idwal alitoka na kipande cha mkate mkavu katika mfuko wa kushoto wa koti lake, na Cadno alianza kulia kwa sauti kubwa kabla mlango wa jikoni haujafunguka. Sisi tulikuwa tunamtumia kama saa.

Cadno alikuwa amekwisha kuugua kwato mara mbili. Mara ya pili Idwal alikaa naye bandani siku kumi na tatu, akila humo humo, mpaka akaweza kutembea. Poni aliyeugua mara mbili, ya tatu humwinda daima. Ubao ule mweusi uliwekwa kwa ajili yake.

Oktoba, Idwal alifariki hospitalini. Heulwen aliniambia baadaye kwamba wosia wake ulikuwa maneno mawili tu: "Mwangalie Cadno." Mazishini alikaa macho makavu, na jioni ile alikuwa bandani akitufokea kuhusu maji ya kunywesha. Watu walisema ana roho ya jiwe. Mimi sikusema hivyo, ila nakiri nilifikiri.

Cadno alijua. Alisimama kwenye uzio, uso umeelekea mlango wa jikoni, majira yote ya baridi. Hakulia hata mara moja. Chakula alikinusa akakiacha. Heulwen alimpikia shayiri, akamkatia tufaha na karoti vipande vyembamba, akamlisha kwa mkono, na huku anamsema, "Kula we mzee mkaidi, unanitia aibu, watu watadhani nakunyima." Mbavu zikaanza kuhesabika. Nilimwona Heulwen akizipapasa mbavu hizo chini ya blanketi kila asubuhi, na kila asubuhi uso wake ulizidi kusinyaa. Huyo poni ndiye kitu cha mwisho alichoombwa na mumewe, na alikuwa anamponyoka mikononi.

Ikaja Aprili, mvua siku tatu mfululizo. Koti la Heulwen lililoa mpaka bitana. Usiku wa tatu mawingu yakafunguka, sakitu ikaanguka, na asubuhi jua likatoka, mbingu buluu, mlima mzima unameta. Nilipofika, ubao ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa mwandiko wake wa kubana: sakitu, jua, poni wote kiwanja kitupu hadi saa sita. Poni wote walikuwa wamefungiwa. Niliingia ghala, lililo ndani ya banda, kujaza ndoo.

Ndipo nikamsikia Cadno.

Alilia kwa ile sauti yake ya zamani, ndefu, ya kutikisa mabati. Nilitoka mpaka mlangoni mwa banda na ndoo yangu. Heulwen alikuwa amesimama katikati ya ua, amevaa koti la Idwal, maana lake lilikuwa bado linadondosha maji jikoni. Cadno alikuwa amebanana na uzio, masikio mbele, analia tena na tena. Heulwen alimwendea. Akatia mkono katika mfuko wa kushoto, akaugeuza nje, ukatoka vumbi la mkate tu, la miezi sita. Cadno aliramba kiganja kile mpaka kikawa safi, kisha akauinua uso wake akautazama mfuko.

Heulwen akafungua lango.

Hakufungua la kiwanja kitupu kwenda uani. Alifungua lile la upande wa pili, la konde la chini, lenye majani machanga yanayofika kifundoni. Cadno akatoka, lango likafungwa kabla poni wengine hawajamfuata, akainamisha kichwa na kula. Aling'oa majani kwa pupa, unasikia kabisa sauti ya meno. Tangu Oktoba hakuwa amekula hivyo. Na Heulwen alisimama kando yake, mkono uko shingoni mwake, akicheka. Machozi yanamtiririka na anacheka.

Mimi mdomo wangu haufungwi kwa kufuli, kila anijuaye atawaambia. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake na ubao uko juu ya kichwa changu. Niliuona uso ule, nikasema moyoni, mwache, mara moja tu. Nikarudi ghalani na ndoo yangu. Nilikaa humo zaidi ya saa nzima nikifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilipotoka, bado alikuwa anakula.

Siku ya tatu Cadno hakutaka kugeuka zizini. Siku ya nne nilimkuta ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitupa mbele kama mtu aliyekanyaga makaa. Kwato zilikuwa za moto, unausikia moto huo kabla hujazigusa. Heulwen alipiga magoti kwenye matandiko, akashika mguu mmoja kwa mikono miwili, hakunifokea wala kumfokea mtu.

Gethin, daktari wa mifugo, alikuja na dawa, akarudi kesho yake na kesho kutwa. Tulijaza matandiko mpaka magotini. Tuliweka miguu yake katika maji ya barafu, tukabadilisha zamu, huku nje mvua inakuja na jua linakuja na hakuna aliyejali blanketi la nani limelowa. Delyth mwenyewe alikuja kila asubuhi na barafu kutoka friji lake, na hakuuliza poni alipataje majani. Siku ya kumi na mbili Gethin alipiga picha za mifupa. Alizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mfupa umeteremka, mama," alisema. "Miguu yote miwili."

"Idwal alimponya kwa siku kumi na tatu."

"Najua. Safari hii hauponi. Anavumilia kwa sababu upo hapa. Wewe ukitoka yeye hulala chini, nimemwona. Ukiingia hujikaza asimame."

Heulwen alimvutia Cadno blanketi shingoni. Kisha akasema, "Kesho asubuhi. Simtaki afe humu gizani."

Asubuhi hiyo ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Sakitu, jua, mbingu tupu. Heulwen alikuja amevaa koti la Idwal na mfuko wa kushoto umejaa mkate. Tulimtoa Cadno hatua kwa hatua, mimi upande mmoja na Gethin upande mwingine, hatua thelathini ambazo zilituchukua karibu nusu saa, mpaka ukingoni mwa konde la chini. Alipoyaona majani aliinamisha kichwa. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kamba, kumzuia.

"Mwache," Heulwen akasema. "Mwache ale, Menna. Sasa hayawezi kumfanya kitu."

Alikula. Alikula majani, akala mkate, kisha Gethin akamchoma sindano ya mwisho, naye akaanguka mdomo bado una majani. Heulwen alikaa chini kwenye unyevu akakishika kichwa chake mapajani mpaka gari la kumchukua lilipokuja, na hapo ndipo nilipomsikia akimlilia mumewe kwa jina, kwa mara ya kwanza.

Wiki moja baadaye tulikuwa tunampiga brashi farasi wangu, yeye upande wake na mimi wangu, manyoya yanaruka. Lile jambo nilikuwa nimelificha siku zote hizo. Nikalitema.

"Bi Heulwen, asubuhi ile ulipofungua lango, mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuona. Sikusema neno."

Brashi yake haikusimama.

"Najua," alisema. "Nami nilikuona, na ndoo yako."

"Mbona basi—"

"Nilikuwa nangoja unifokee." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira hata kidogo, na afadhali ingekuwa nayo. "Miaka kumi na mmoja nawafokea ninyi. Nikasema, huyu atapiga kelele sasa hivi, nami nitamtoa Cadno kondeni. Nikangoja. Ulipoingia ndani nikajiambia, kama Menna hajasema, labda leo majani hayana neno."

Nililaza paji la uso kwenye ubavu wa farasi wangu nikalia hapo, na yeye aliendelea kupiga brashi upande wa pili. Usiku ule mawingu yakafunguka tena. Asubuhi nilipofika, ubao ulikuwa mtupu na Heulwen alikuwa amesimama chini yake na chaki mkononi, viganja vimelowa sakitu. Akanipa chaki, akasogea pembeni, akangoja niandike.