Maji Niliyoyaandika Kuwa Karibu

Ipo siku moja ambayo hadi leo inanirudia, mwanangu, na kwa kuwa kesho unashuka Momba na kishikwambi chako kuuliza watu maswali, nimeona nikusimulie kabla hujafunga begi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka kwetu Hasamba kwenye kahawa, nimepata kazi ya kujaza madodoso ya utafiti wa maji. Nilijiona msomi kwelikweli. Kiongozi wetu alimpangia kila mmoja kaya za kumaliza kwa siku, na mimi nilipenda kumaliza wa kwanza. Nilipenda sifa, nisikufiche.

Adhuhuri moja nikafika kwenye mji wa familia moja ya wafugaji waliohamia huko huko bondeni Momba. Kwa desturi yao mgeni hupokelewa na baba mwenye mji, naye ndiye anayejibu; mke hukaa kando mpaka aitwe. Dodoso langu nalo liliagiza nimuulize mkuu wa kaya. Basi nikakalia kigoda, nikamuuliza mzee maji yako mbali kiasi gani.

"Maji? Karibu hapo tu, binti," akasema. "Mto huo hapo, ng'ombe wanakunywa wanashiba."

Hakudanganya. Alijibu anachokijua mchunga ng'ombe, na isitoshe hakuna mwenye mji anayependa kumlilia mgeni shida. Nikaandika: karibu.

Mkewe, Mama Minza, alikuwa amesimama mlangoni. "Samahani dada, mto ukikauka sisi huwa..." akaanza. Nikamkatiza kwa upole, "Asante mama, baba ameshajibu." Naona aibu hata leo kukuambia hivyo. Mimi niliyekulia kubeba ndoo kichwani nilijua vizuri kwamba kwetu baba hajawahi kuchota maji hata siku moja. Nilijua, ila nilikuwa na haraka.

Madodoso yakajumlishwa. Kijiji kile kikaonekana hakina shida ya maji, na kisima cha pampu kikaenda kuchimbwa kwingine.

Miaka miwili baadaye nikarudi pale na utafiti mwingine. Mama Minza alinitambua kabla sijamsalimu. Akanipeleka mtoni. Kilikuwa kiangazi, mchanga mtupu. Wanawake walikuwa wamefukua mashimo, wameinama wanasubiri maji yajikusanye wachote kwa kikombe. Mmoja wao alikuwa Minza, bintiye.

"Mgongo wangu ulikataa," Mama Minza akaniambia. "Huyu akaacha shule darasa la sita aje kunisaidia. Tulipoomba kisima, wakasema karatasi zinaonyesha maji tunayo. Dada, ile karatasi uliandika wewe. Nani alikuambia maji yapo karibu, anayechota au anayekunywa?"

Nililia, naye hakunibembeleza. Alichukua kikombe akaendelea kuchota. Nilipoeleza ofisini, nikaambiwa ripoti imeshapitishwa na mipango imeshapangwa kwa kuifuata. Minza hakurudi shule. Hilo sina namna ya kulisahihisha.

Sasa, mwanangu, usije ukadharau utafiti kwa sababu yangu. Bila huo, visima vingechimbwa milangoni kwa wenye sauti tu. Lakini wakubwa wanaosoma ripoti hawaioni haraka yako. Wanaona tarakimu, na tarakimu iliyokosewa inafanana kabisa na iliyo sahihi. Wengi wetu tuliuliza vilevile, nyumba baada ya nyumba, na kwa kuwa majibu yalikuwa mengi, kosa letu likaaminiwa zaidi. Kwa hiyo muulize mwenye kuifanya kazi yenyewe, awe mke, awe mtoto. Kama maswali uliyopewa hayamfikii, waambie wakubwa wako kwa maandishi, mapema, kabla hawajaamua lolote. Andika na yale usiyoyajua, ili anayepanga aone mwisho wa ujuzi wako uko wapi. Watakuona mkorofi, acha wakuone.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, na kila mji utakaoingia ukukumbuke kwa mema.