Uzi Niliowapa Radi Boys

Nakumbuka, tena kama jana, Jumapili moja ya bugi, dansi la mchana la vijana, pale Kitale, miaka ya sitini, damu yangu ikichemka. Wekesa mwanangu, weka hiyo simu chini unisikilize. Wewe na rafiki yako wa Kachibora mmetumiana SMS za matusi wiki nzima, ati bendi gani ya roki iliacha alama kubwa, Radi Boys wa Kitale au sisi Kengele Boys wa Bungoma. Sasa ameapa haji harusini kwako Jumamosi, na yeye ndiye msimamizi wako! Aibu gani hii?

Siku hiyo ya Kitale bendi zetu zilishindana, na mshindi angepelekwa Nairobi kurekodi santuri. Sisi tulikuwa tumeshapiga, watu wamepagawa. Radi Boys wakapanda jukwaani, na wimbo wa kwanza tu, uzi wa gitaa lao ukakatika. Maduka yamefungwa, na uzi wa akiba ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwangu. Mpiga gitaa wao, Barasa, akanijia jasho likimtoka.

"Ndugu, nisaidie bana."

"Usimpe!" mpiga ngoma wetu akafoka. "Si anajiita mfalme? Apige na meno!"

Nikacheka. Mjomba wangu wa Bokoli, fundi wa litungu, kinubi chetu cha jadi, aliyenifundisha kushika nyuzi, alikuwa amesimama kando, na hakucheka hata kidogo. "Wewe! Mwenzako akinyamaza, utamshinda nani? Sisi wa litungu, uzi wa mwenzako ukikatika, unatoa wako."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikautoa.

Wakatushinda. Naam, kwa uzi wangu mwenyewe! Santuri yao ikalia kila duka hadi Bumula, na iliniuma, nisikudanganye. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama juu ya gitaa nikajifunza mapigo yao, nikayachanganya na ya litungu, na hizo ndizo nyimbo zetu unazozipigania leo. Barasa naye akaja Bungoma kuchukua mapigo yangu. Haya, mtatutenganisha vipi?

Basi sikia, na kwa hili sirudi nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeshindana nawe kwa haki ndiye anayekunoa, mtunze. Panda gari uende Kachibora leo hii, umwombe rafiki yako asimame nawe. Jumamosi gitaa nitapiga mimi, na nitaanza na wimbo wa Radi Boys.

Mungu awajalie wewe na rafiki yako nyuzi ngumu, mwanangu. Na nyuzi hizo zikikatika, asikose kuwapo mwenzako mwenye uzi mfukoni.