Ukoka wa Tuta la Lambo

Mvua ya kwanza ya Novemba ilimkuta Flavia katikati ya mteremko wa tuta, na mbegu za majani alizozimwaga wiki nzima zikateremka mbele ya macho yake. Ilikuwa mvua fupi, ya kupita tu. Lakini maji yalichora mifereji membamba kwenye udongo mwekundu, na kila mfereji ukabeba mchanga na mbegu mpaka chini, uani kwake. Flavia alishuka akiteleza, ndala mkononi, akachutama topeni na kuanza kuokota.

Mumewe, Vedasto, alimtazama kutoka barazani. "Flavia, ingia ndani. Utaokota mbegu ngapi kwenye tope?"

"Nikiingia ndani nitakaa?"

Kukaa ndiko kulikomshinda mkewe, na Vedasto alilijua hilo tangu siku ya posa. Flavia alizaliwa Kaliua, penye njia panda ya reli, na utotoni treni ikipiga honi tu alikuwa amekwisha toka mbio kwenda kuona nani ameshuka na nani amepanda. Alipoolewa Puge alikuja na tabia ile ile: akilima anawaza kuni, akichanja kuni anawaza maji. Watu walimzoea, wakamcheka, mambo yakaenda.

Halafu tuta la lambo likapasuka.

Lambo lile liko juu ya kitongoji chao. Ng'ombe wa Puge hunywa humo, na wazee husema hata wapagazi wa zamani waliokuwa wakipita kwenda Ziwa walitua mizigo yao kwenye bonde lile kwa sababu ya maji. Alfajiri moja ya Februari tuta liliachia. Maji yalichukua mbuzi, majiko na majaruba ya mpunga, yakamchukua na Dafrosa, jirani wa Flavia, aliyekuwa zizini akikamua. Walimkuta kesho yake bondeni, amenasa kwenye miiba. Tangu hapo, wingu likitanda tu, Flavia aliacha alichokuwa anakifanya akapanda juu kutazama.

Kiangazi kilichofuata katapila lilikuja, likasukuma udongo, likaushindilia, likaondoka. Upande wa maji ulipangwa mawe. Upande wa nje, unaozitazama nyumba, ulibaki mtupu, umesimama kiasi kwamba hata mbuzi waliupanda kwa kujivuta. Watu walipongezana. Flavia aliuona udongo usioshikwa na kitu, na usingizi wake ukazidi kuwa mwepesi.

Siku mbili baada ya mbegu zake kuteremka, bibi shamba alipita na pikipiki. Jina lake Asmahani, binti wa Tabora mjini, ushungi wake umetokeza chini ya helmeti. Alisimama, akautazama mteremko, akamtazama na Flavia aliyekuwa tayari anamwaga mbegu nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie. Mbona hazikai?"

"Mvua inazifikia kabla hazijatoa mizizi," Asmahani alisema. "Mama, achana na mbegu. Nenda mbugani ukakate ukoka wenyewe, vipande vyenye mizizi na udongo wake. Uupande kwa mistari inayoukata mteremko, siyo inayoshuka nao. Na katikati ya mistari weka kitu cha kutambaa haraka, kifunike udongo wakati ukoka unajishika."

"Marando ya viazi?"

"Yanafaa sana. Ila kuna sharti. Viazi vyake havichimbwi. Ukichimba kiazi hapa, umechimba tuta."

Flavia alicheka kwa mara ya kwanza siku nyingi. "Watu wa hapa uwaambie wasichimbe viazi?"

"Nitawaambia kwenye mkutano. Lakini mimi nitaondoka na pikipiki yangu, mama. Utakayebaki nao ni wewe."

Basi akaanza. Alikata ukoka mbugani kwa jembe, akaubeba kichwani kwenye gunia lililoloweshwa, maji yakimtiririka shingoni. Alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye kigingi juu ya tuta, akawa anafanya kazi kutoka juu kwenda chini asije akakanyaga alichokipanda. Kila kipande alikipigilia kwa kijiti kisiporomoke, kisha akatandaza nyasi kavu. Jumamosi moja akina mama wa jumuiya walikuja kumsaidia, wakaimba na kumaliza mistari kadhaa. Jumamosi iliyofuata hawakuja. Ulikuwa msimu wa kupanda, kila mtu na shamba lake.

Shamba la Flavia lilikuwa bado.

"Wenzetu mahindi yameota," Vedasto alimwambia wakila. "Sisi mama wa nyumba anapanda majani."

"Nisaidie tuta tumalize, tuhamie shambani."

"Mimi nasema tuhame kabisa. Twende Bukene. Kaka ana mashine ya kukoboa pale karibu na stesheni, amenihitaji siku zote. Kwa nini tuishi chini ya maji?"

"Na waliobaki hapa?"

"Waliobaki wana miguu, Flavia."

Hakuwa mtu mkorofi. Alipanda mahindi yale peke yake, kwa kuchelewa, na baada ya Krismasi akafunga godoro kwenye baiskeli akaondoka. Alimwacha mkewe na mtama wote wa ghalani. Flavia alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi nusu anatembea nusu anakimbia, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Siku hiyo hiyo alikuta ng'ombe wanaukata mteremko kulifuata lambo. Nyuma yao alikuwa Sayi, mfugaji, mtu mzima mwenye fimbo ndefu.

"Mwadila, mayu," Sayi alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

Flavia alikwenda akasimama mbele ya dume lililoongoza, mikono ameitanua. "Warudishe. Wapitishe kule kwenye mawe."

"Kule ni mbali. Ng'ombe ana kiu, mayu, hajui ukoka."

"Yeye hajui. Wewe unajua. Tulimbeba Dafrosa mimi na wewe, Sayi. Mimi kichwani, wewe miguuni. Umesahau uzito wake?"

Sayi akapiga mluzi. Kundi likageuka taratibu. Kesho yake asubuhi Flavia alikuta matawi ya miiba yamepangwa chini ya mteremko mzima, yamefungwa vizuri kwa kamba za miti. Hakuuliza ni nani.

Januari ukoka ukaanza kutoa vikonyo, mstari ukiutafuta mstari mwenzake. Marando yakafunika udongo. Ingetosha kumtuliza mtu mwingine. Flavia alipata jambo jipya la kumhangaisha: Februari, miezi ya njaa ilipoingia, udongo ulianza kupasuka chini ya marando, na ndani ya nyufa vilionekana viazi, vinene, vyekundu. Yeye mwenyewe mtama ulikuwa umeshuka ghalani. Alivipita kila siku na tumbo lake likavihesabu. Hakuchimba.

Asubuhi moja alikuta shimo. Alama za jembe zilikuwa mbichi, ukoka umetupwa kando. Alifuata nyayo mpaka kwa Amne, mjane aliyeishi nyumba ya tatu, na akamkuta jikoni, sufuria inachemka.

"Usinigombeze," Amne alisema bila kugeuka. "Watoto hawajala tangu jana."

Njia nzima Flavia alikuwa amejaa maneno. Aliitazama ile sufuria, akayaacha hapo. Alirudi kwake, akagawa mtama uliobaki nusu kwa nusu, akampelekea. "Ukiisha, njoo useme. Tuta usiliguse tena, Amne. Nakuomba." Kisha akapanda tutani na udongo wa kichuguu, akalishindilia lile shimo kwa ngumi, akarudisha ukoka juu. Lakini kidonda kibichi si ngozi, na aliliona hilo kila alipopita.

Mvua kubwa ilikuja Machi, mchana kweupe, ikanyesha mpaka jioni bila kupumua. Lambo lilijaa hadi njia ya kupunguzia maji ikawa inanguruma. Flavia alikwenda na kurudi juu ya tuta, maji yakishuka kwenye ukoka meupe, bila tope. Kisha pale kwenye shimo udongo ukameguka, kipande kikubwa kama mlango, kikateremka na marando yake.

Alipiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Amne, gunia begani. Sayi akaja na vijana wake, wakajaza magunia mchanga, wakayapanga kwenye ule mwanya huku wanateleza na kushikana kanzu na kanga. Amne alilia muda wote akijaza, na hakuna aliyemwambia neno. Giza lilipoingia mvua ilikatika. Tuta lilikuwa limesimama. Kulia na kushoto ya magunia, ukoka ulikuwa umelala chini, umelowa, haujang'oka.

Aprili Vedasto alikuja. Alitembea juu ya tuta mwanzo hadi mwisho, akainama akavuta ukoka kwa nguvu, haukutoka. "Umeshika," alisema. "Basi sasa twende, mke wangu. Umemaliza kazi yako."

Flavia alikubali. Bukene alipokewa vizuri, akafagia uwanja wa mashine, akaenda stesheni kutazama treni ya Mwanza. Lakini kila jioni alimuuliza mtu huyu na yule kama lile wingu liko upande wa Puge, na alfajiri alikuwa kwenye simu.

"Amne, kumenyesha huko?"

"Manyunyu tu."

"Na pale kwenye magunia?"

"Ukoka unaingia. Lala, mama."

Siku chache baadaye Vedasto mwenyewe ndiye aliyembebea mkoba kwenda stendi. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. "Utarudi lini?"

"Mvua zikikatika."

"Zikikatika utasema unangoja zianze."

Flavia alicheka, na hakukana. Alimshika mkono kidogo, akapanda basi la kurudi Puge, akatafuta kiti cha upande ambao mbingu ilionekana yote.