Kisanduku Kilichozimwa

Mwaka 1996, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo nje ya Runzewe, Maige alijiona mtu mzito. Mtafiti wa madini aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kisanduku cha kunusa hewa mbaya. Ndani mlikuwa na punje ya oksidi ya bati iliyopashwa moto na betri. Hewa mbaya ikiigusa, umeme wake hubadilika na kisanduku hulia. Maige akakivaa shingoni, na hakuna aliyeshuka duarani, yaani ndani ya shimo, bila ruhusa yake.

Shida ilikuwa gongo. Kabla ya kushuka, mwenye zamu humwaga gongo kidogo mdomoni mwa shimo kuwaomba mababu uzima na dhahabu, na kisanduku hakikujua kutofautisha mvuke wa gongo na moshi wa baruti. Kililia kila asubuhi. Wenzake wakamtania, "Chombo chako kimelewa kuliko sisi." Badala ya kuwaambia wakamwage mbali, Maige akajitia ufundi. Kikilia anakizima na kusema, "Mababu wanakunywa. Shuka." Lakini mazoea yana taabu.

Jumatatu moja zamu ilikuwa ya rafiki yake, Bujiku. Kisanduku kikalia.

"Vipi, nishuke?" Bujiku akauliza.

"Mababu hao," Maige akajibu, akakizima.

Bujiku alimtazama kidogo, kisha akashuka. Haikupita muda kamba ikalegea. Maige akainama kumwita, na hapo ndipo alipouona mchanga wa mdomo wa shimo: mkavu, bila harufu yoyote ya gongo. Bujiku alikuwa amebatizwa Jumapili, siku moja tu nyuma, na matambiko ameyaacha. Na baruti ilikuwa imelipuliwa humo jioni ya jana yake.

Maige alijifunga kamba, akashuka mwenyewe, akamtoa. Bujiku alipona mwili, lakini akili haikurudi yote. Hata jina la mwanawe Noela hulitafuta.

Baada ya mwezi, Paskazia, mkewe Bujiku, alikuja naye kwa Maige wakiwa na kuku.

"Wabeja, asante sana, Baba Generosa," akamwambia Maige, akimwita kwa jina la mwanawe. "Bila wewe ningekuwa mjane."

Maige akainamisha macho kwenye kisanduku kilichokuwa shingoni mwake. Bujiku akanyoosha kidole, akakigusa kisanduku.

"Hiki," akasema polepole, "siku ile kililia."

"Kililia, ndiyo," mkewe akamwambia kwa upole. "Ndiyo maana mwenzio akajua, akakutoa."

Maige akampokea yule kuku kwa mikono miwili.